Mkeka wa Dada

Kosa langu la kwanza, lile ambalo bado linanitoa jasho, ni kufumua mkeka wa dada yangu. Nikisikia harufu ya ukindu wa kusukia mikeka uliotoka kuchemshwa na rangi, naiona tena nyumba yetu ya Hewani, na mto ukipita nyuma ya migomba polepole kama unaota.

Mama alisuka mikeka ya duka moja la Garsen. Mwenye duka alitaka mistari iliyonyooka. Mkeka wenye mstari uliopinda aliurudisha, tukaulalia sisi. Kazi yangu ilikuwa kuikagua, na nililionea fahari jicho langu.

Mjomba alikuwa amerudi kutoka bandarini Mombasa na kitabu alichokifunika kwa gazeti. Alitusimulia kwamba aliyekiandika, Mzungu mmoja wa zamani, alisema mwenye mali hatawali mikono yako tu. Mwishowe hata mawazo yako yanakuwa yake.

Mama alicheka. "Kaka, yangu ninayo mwenyewe. Nipe ukindu huo."

Alikuwa anamalizia mkeka wa dada, aliyekuwa anaolewa Minjila baada ya siku mbili. Alizishona kili zake, kanda ndefu za ukindu uliosukwa, akizisogeza kidogo kidogo, hata madoa yake mekundu yakafanya mstari uliojipindapinda. Asubuhi, mama akiwa shambani, niliuona nikaingiwa na hofu. Nikafumua nyuzi, nikazipanga kili upya, nikakata ncha zilizozidi. Mstari ukanyooka kabisa.

Mama aliporudi alisimama mlangoni, jembe bado begani. "Umefanya nini, mwanangu?"

"Nimeunyoosha, mama. Sasa atauchukua."

"Nani?"

Nilianza kuelekeza kidole upande wa Garsen, nikakishusha.

"Ule mstari ulikuwa mto huu unaopita nyuma ya migomba," mama alisema taratibu. "Nilitaka alalie mto wa kwao."

Kili zilikuwa zimekatwa, na muda uliobaki haukutosha kukausha ukindu mwingine.

Mjomba alinitazama kwa huruma. "Mwenye duka hajawahi kukanyaga hapa, kumbe anakaa ndani ya jicho la huyu."

Dada alijifuta machozi, akanisukuma kichwa. "Haya, fundi wa Garsen, nibebee basi mkeka wako." Nikaubeba hadi Minjila, umenyooka, mzito kama gogo.

Miaka baadaye nilijisomea kile kitabu peke yangu, neno kwa neno, ndipo nikamwelewa mjomba. Bado napenda vitu vilivyonyooka. Lakini siku hizi, kabla sijanyoosha chochote, najiuliza kwanza ninamnyooshea nani.