Kwetu Hatunaga Kipara

Bado nina hasira, na sitaki kuificha. Watu wananiambia yamepita, nywele zilirudi, samehe, sahau. Nisahau nini? Mama yangu alikalishwa kwenye stuli, uani kwake mwenyewe, mbele ya watu wa ukoo, akaulizwa mimi ni mtoto wa nani. Ushahidi waliokuwa nao ni nywele zangu. Jamani, nywele!

Mimi ni fundi cherehani, nashonea Mukendo, Musoma mjini. Nilikuwa na miaka ishirini na nne baba alipofariki. Aliugua miezi mitano nyumbani Butiama, na miezi yote hiyo mimi ndiye niliyekuwa namgeuza kitandani, namwogesha, nampeleka hospitali na kumrudisha. Cherehani niliifunika turubai ikakaa. Kula nilikuwa nasahau, mpaka suruali zangu mwenyewe nikazipunguza kiuno mara mbili. Tulipomzika, siku ya kumaliza matanga, shangazi alichukua wembe akatunyoa watoto wote wa marehemu, kama tunavyofanyaga kila msiba. Tukaoga, tukala, kila mtu akarudi kwake.

Nywele za wadogo zangu ziliota. Zangu nazo ziliota, tena vizuri tu, kwa miezi miwili na kitu. Kisha zikaanza kutoka. Kazi yangu ndiyo iliyoniambia. Nilikuwa nashona mashati meupe ya wanafunzi, na kila nikikunja kola naona vinywele vyeusi, vifupi. Navipuliza, naendelea, navikuta tena. Mama mmoja alirudisha shati la mwanawe akasema, fundi, mbona hili umelishona na manyoya? Nikacheka naye. Alipoondoka nikapitisha mkono kichwani, mkono ukarudi na nywele, nikakaa chini.

Nikaenda kwa kinyozi wangu, milango mitatu kutoka kwangu. Ni mtu mwema, ila mdomo wake hauna breki. Alikigeuza kichwa changu huku na huku dirishani, kisha akatangaza kwa sauti ya kuuzia samaki sokoni Mwigobero: "Fundi, hiki ni kipara cha kurithi. Kamuulize mzee wako." Mzee wangu alikuwa na miezi mitatu kaburini. Na kwenye benchi, akisubiri zamu, alikuwa amekaa mtoto wa baba yangu mdogo, mtu mzima mwenye mke na watoto, masikio wazi. Wiki haijaisha, nyumbani Butiama wote walikuwa wanajua kwamba nina kipara cha kurithi.

Hapa lazima nieleze jambo la kwetu, la sivyo utadhani watu hawa wana wazimu tu. Wanaume wa ukoo wangu wote wananyoa kipara. Akishafika miaka thelathini hivi, mwanaume anapitisha wembe kichwa kizima, na anaendelea hivyo mpaka siku ya kufa. Tunasema ndio usafi wa mtu mzima. Na neno tunalotumia ni hilo moja. Aliyenyoa tunasema ana kipara, na ambaye nywele zimemkimbia zenyewe naye tunasema ana kipara. Kwa hiyo baba mdogo aliposema, "Kwetu hatunaga kipara," kichwa chake mwenyewe kinang'aa chini ya kofia yake ya pama, hakuna aliyecheka. Kila mtu alielewa kwamba anasema kile kingine.

Huyo baba mdogo, anayemfuata baba kwa kuzaliwa, ndiye aliyeishika habari yangu kwa mikono miwili. Kama kipara ni cha kurithi, alisema, na kwetu hakipo, kijana amekirithi wapi? Akaongezea na mila. Ati mtoto wa damu akinyolewa msiba wa baba yake, nywele zinarudi zote. Zikikataa, ujue marehemu amemkataa. Mila hiyo sikuwahi kuisikia kabla wala sijaisikia tena baadaye. Ilizaliwa siku hiyo, mdomoni mwake.

Na sababu yake haikujificha. Mimi ni mtoto wa kwanza. Kama mimi si wa baba, basi mama ameishi pale kwa uongo, hata wadogo zangu watiliwe shaka, arudi kwao alikotoka, na nyumba pamoja na shamba la mihogo vibaki kwa mdogo wa marehemu. Akaitisha kikao cha ukoo, Jumamosi, baada ya wiki mbili. Mama alinipigia simu kunieleza. Hakulia. Alisema nisije na maneno makali, kisha akaniuliza kama ninakula. Wanataka kumfukuza kwake baada ya miaka thelathini, na yeye anauliza kama ninakula! Siku ile sikushona kitu.

Mdogo wangu wa kike ameolewa Bunda. Yeye ndiye aliyeniambia niende kwa daktari wa zahanati ya mtaani kwao, mwanamke wa makamo, asiyependa haraka. Musoma nisingeweza. Foleni nzima ingekuwa wateja wangu.

Nilidhani ataanza na kichwa. Wala hakukitazama. Aliniuliza miezi mitatu, minne iliyopita kulitokea nini. Nikamweleza habari za baba. Akauliza nilikuwa nakula nini, nalala saa ngapi, nimepata homa, nimekonda. Ndipo akanisogeza kwenye mwanga, akatafuta mapunye, hakuona. Akashika nywele chache kwa vidole, akavuta taratibu, zikaja nyingi. Akazitandaza kwenye karatasi, akanionesha kwamba kila moja mwishoni ina kitone cheupe. Alisema hizi hazikukatika, na shina lake halijafa. Mwili ukielemewa unazipumzisha nywele nyingi kwa mpigo mmoja, na zilizopumzishwa zinadondoka miezi miwili, mitatu baadaye, wakati mtu anajiona ameshatulia. Ndiyo maana wengi hawaunganishi na jambo lililowapata.

Kisha akanipa kioo. Akaniambia nitazame pembe za paji la uso, zimekaa palepale zilipokuwa. Kipara cha kurithi hakina haraka, alisema, kinachukua miaka. Kinaanzia kwenye hizo pembe, au utosini, na nywele za hapo zinazidi kuwa nyembamba na fupi, kidogo kidogo, bila mtu kuziona zikimwagika kwenye mashati. Zangu zilikuwa zimepungua kichwa kizima, pande zote, tena ghafla. Akanipima damu asije akawa ameacha kitu kingine. Akasema nile, nilale, nisubiri kama miezi sita, na zisiporudi nirudi yeye atazame tena.

Nikamuuliza kama anaweza kuniandikia kwamba mimi ni mtoto wa baba yangu. Naona aibu kulisema hilo hata leo. Nikamweleza na kikao. Alivua miwani.

"Hata kingekuwa cha kurithi kisingesema lolote," alisema. "Kinaweza kutoka upande wa baba, kinaweza kutoka upande wa mama, kinaweza kumruka mtu kikamshika mwenzake. Nywele siyo cheti cha kuzaliwa."

Nilitoka pale nimepona hofu, lakini hasira imeongezeka. Yaani nimekonda kwa kumuuguza baba, nywele zimeanguka kwa kumlilia baba, na hizohizo ndizo zinatumika kuninyang'anya baba!

Jumamosi tulikaa uani Butiama, asubuhi, watu kama kumi na tano. Baba mdogo, ambaye anaishi Musoma, alikuwa hapo tangu Jumatatu, siku tano nzima, akipita nyumba kwa nyumba kuwaandaa watu. Alikaa kwenye kiti cha baba. Mama wakampa stuli. Nikaeleza yote niliyoambiwa Bunda, pembe za paji, vitone vyeupe, miezi mitatu, nikaeleza polepole kama mama alivyonitaka. Baba mdogo akasikiliza akitabasamu. Nilipomaliza akauliza huyo daktari wa Bunda anaujua ukoo wetu? Akawageukia watu akarudia lilelile, kwetu hatunaga kipara. Kisha akamgeukia mama, akamuuliza mbele ya wote mimi ni mtoto wa nani.

Mimi nilisimama. Sijui nilitaka kufanya nini. Mama akanionyesha kwa mkono nikae. Alikuwa bado na kitambaa cha msiba kichwani.

"Shemeji," alisema, "vua pama."

Hakuvua. Akasema huu si mchezo. Mama hakupandisha sauti.

"Nimeolewa hapa, wewe una miaka ishirini na sita. Maji ya kunyolea nilikuwa nakuchemshia mimi, kabla watu hawajaamka, ili wasikuone. Miaka thelathini sijamwambia mtu. Vua pama."

Shangazi, yule aliyetunyoa, ndiye aliyenyoosha mkono akaitoa. Siku tano Butiama, na kinyozi wake yuko Musoma. Nywele zilikuwa zimeota juu ya masikio na kisogoni, mvi tupu, zimezunguka kama ukingo wa sahani. Katikati hamkuwa na kitu. Hata kivuli cha unywele hakikuwepo. Watu wakatazama chini. Shangazi akaanza kucheka, akajifanya anakohoa.

Kikao hakikufungwa, kiliyeyuka tu. Kila mtu alikumbuka kazi yake. Na hapa ndipo moto wangu ulipo mpaka leo. Hakuna aliyemwendea mama akamwambia tumekukosea. Walikula ugali wake wa mchana, wakanawa, wakaondoka. Baba mdogo aliondoka bila kuaga.

Jioni nilimuuliza mama kuhusu baba, kwa sababu ghafla niligundua kwamba sijawahi kuziona nywele za baba. Kwangu alikuwa na kichwa kilichonyolewa tangu ninapata akili. Mama aliweka vidole viwili kwenye paji langu, akavirudisha nyuma kidogo. "Zilikuwa zinaanzia hapa," alisema. Nikalia, na sikuona haya.

Zangu zilirudi. Baada ya miezi sita zilikuwa nyingi kuliko za wadogo zangu. Nilipofika Butiama shangazi akapiga vigelegele, marehemu amemkubali mwanawe! Nilikaribia kumjibu vibaya. Kwa hiyo zisingerudi, je? Mama angekuwa wapi leo? Nilimheshimu kwa sababu ya ile pama tu.

Sasa nina miaka thelathini na mbili. Kwa kama miaka mitatu hivi pembe za paji langu zimekuwa zikirudi nyuma. Polepole. Kwenye mashati meupe sioni kitu, ila nywele za hapo zimekuwa laini, nyembamba, na kila mwaka zinaanzia nyuma zaidi. Safari hii sikuhitaji kwenda Bunda kuuliza. Huzuni ile ilimwaga zote kwa mkupuo kisha ikazirudisha. Kipara hiki kimekuja kukaa.

Ijumaa iliyopita nilikuwa kwa kinyozi yuleyule. Siku hizi anapima maneno akiniona. Alizungusha kiti, akanitazama kwenye kioo, akashusha sauti akasema, "Fundi, miaka imefika. Nikupitishie wembe kichwa kizima, kama wazee wenu?"

"Punguza pembeni tu," nilimwambia. "Hapo mbele paache paonekane. Kesho nakwenda Butiama, na sivai kofia."