Ivu Lisilo la Jikoni

Ukiacha barabara ya lami na kushuka njia ya mawe meusi kuelekea upande wa Rubavu, asubuhi yoyote isiyo na mvua utasikia mchakacho wa chekecheke. Ni wavu wa waya uliopigiliwa kwenye fremu ya mbao, na anayeusukuma ni Illuminée, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Belyse. Belyse mwenyewe huwa mgongoni, amefungwa kitenge, anayumba mama anapoyumba, na mara nyingi usingizi humchukua kabla beseni halijajaa.

Wauza maua katika mji huu wa Gisenyi ni wengi. Mama Belyse anauza maua pia, lakini jina lake limetoka kwa udongo. Udongo wa juu anauchota chini ya migrevilea, pale majani yanapooza yenyewe. Samadi ya ng'ombe anailaza chini ya majani ya migomba mpaka isahau kwamba ilikuwa mavi. Machicha ya bia, yale wafugaji wanayaita dreshi, anayaozesha peke yake pembeni maana harufu yake haina adabu. Maganda ya mayai kutoka jiko la hoteli anayaanika na kuyatwanga. Mwisho kabisa anatia kokoto nyeusi, nyepesi, zenye vitundu kama mkate, ambazo mlima wa moto ulizitema zamani na kuzisambaza nchi nzima hii. Hizo ndizo zinazofanya maji yapite na mizizi ipumue.

Akishachanganya, anakamata konzi, anakaza ngumi, halafu anafungua. Donge likisimama, kisha likavunjika kwa kuguswa tu na kidole, udongo umeiva. Likitoa maji, bado. Likimwagika lenyewe, lina kiu. Baada ya hapo ananusa. Udongo mzuri unanuka kama utosi wa mtoto aliyetoka kuogeshwa. Watu wanamcheka akisema hivyo, lakini hajawahi kukosea kwa pua.

Sasa hizo kokoto nyeusi kila mtu wa Rubavu anaziita makoro. Kila mtu, isipokuwa Mama Belyse. Marehemu baba mkwe wake aliitwa Gakoro, na bibi yake kule Busasamana alimlea katika desturi ya zamani: mwanamke aliyeolewa hatamki jina la baba mkwe, wala neno linalofanana nalo. Wenzake wa rika lake wameiacha desturi hiyo, naye hawahukumu. Lakini bibi alimwachia maneno hayo asubuhi ya harusi, akimfunga begani mshanana, lile vazi la sherehe, na vitu vinavyosemwa wakati unafungwa nguo havitoki haraka. Basi yeye akawa anasema "ivu ya mulima," yaani majivu ya mlima. Siku zikaenda, neno likachakaa kama kanga, likabaki "ivu" tu. Mume wake alielewa. Wanaomletea magunia walielewa. Hakufikiri kama yuko mtu ambaye hangeelewa.

Halafu akaja Niyigena.

Niyigena ni jirani wa juu kidogo, mama aliyerudi kutoka Karagwe na Kiswahili chake kilichonyooka kama mstari wa rula. Binti yake Umutoni alikuwa amepata mchumba wa Musanze, na siku ya gusaba ilikuwa imepangwa, siku ambayo ukoo wa kijana unakuja kuomba mke mbele ya watu. Wapambaji wa mjini walimwonyesha maua ya plastiki kwenye simu, mekundu kuliko damu. Akayakataa. Alimwambia Mama Belyse kwamba hataki maua ya kupanguswa vumbi. Anataka yanayokunywa maji, petunia hai, njia nzima kutoka geti hadi kwenye hema.

"Yatakuwa yamefungua," Mama Belyse alisema. "Hiyo iko neno yangu."

Majirani walisikia. Mmoja alicheka kwamba huyu sasa amepanda jina lake kwenye chungu, na yakinyauka atanyauka nalo. Haikumtikisa. Aliujua udongo wake.

Siku ya kupandikiza ikagongana na siku ya Belyse ya chanjo. Mama mkwe wake, Mukeshimana, ambaye amekulia Goma na hajawahi kukubali kwamba iko kazi asiyoiweza, akakunja mikono ya blauzi na kusema aende tu, yeye atachanganya. Mama Belyse akamweleza vipimo akiwa tayari mlangoni, mtoto mgongoni: udongo mabeseni mawili, samadi moja, dreshi nusu, ivu moja. Aliporudi mchana alikuta vyungu vyote vimejaa, miche imesimama mistari kama wanafunzi, na mama mkwe amekaa kwenye kigoda anajipepea. Alimshukuru kwa mikono miwili. Belyse alikuwa analia kwa sindano, paja limevimba, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi hii hakukamata konzi, hakunusa.

Wiki moja baadaye petunia zikaanza kugeuka. Majani machanga ya juu yalikuwa ya manjano, mishipa yake tu imebaki kijani, kama mikono ya mzee. Kwanza alidhani ni maji. Maji ya ziwa lililo chini ya mji yana magadi, petunia hazipendi, na watu huwa wanachota huko pipa likikauka. Akaenda kufunua pipa la mvua chini ya mabati. Lilikuwa limejaa. Basi kosa halikuwa la maji.

Akarudi, akachimbua chungu kimoja kwa kidole. Udongo uliteleza kama umepakwa sabuni. Akamwagia maji kidogo, akayakinga yalipotoka chini, akaonja kwa ncha ya ulimi. Magadi matupu. Pembeni ya chungu palikuwa na utando mweupe ambao alikuwa ameuona jana na kudhani ni vumbi la njia.

Mukeshimana alikuwa anachambua maharage. Mama Belyse akachuchumaa karibu yake, akachambua naye kidogo kwanza.

"Mama, iko neno moja naomba kuuliza. Siku ile ya chanjo, uliweka ivu gani?"

"Ivu iko ivu, mukamwana. Beseni moja, ka vile ulisema."

"Ilitoka wapi?"

"Kwa mbabula. Sasa ingetoka wapi?" Mukeshimana akaacha maharage, akaonyesha kwa kidevu jiko lake la makaa. "Na ya kwetu haikutosha. Nilizunguka kwa majirani nikiomba, nyumba kwa nyumba, miguu iliuma mpaka kesho yake."

Mama Belyse akamwona akilini, bibi huyo na beseni lake, akibisha hodi mlango kwa mlango, akirudi amepakaa kijivu mpaka kwenye nyusi. Moyo wake, ambao ulikuwa umeanza kupata moto, ukapoa wenyewe.

"Mi nilikuwa nasema ile ya mulima," akasema chini chini.

"Ya mulima iko gani? Makoro?" Mukeshimana akamtazama. "Na kwa nini haukusema makoro?"

Mama Belyse aliangalia maharage. Mama mkwe naye akaangalia maharage, kisha mlango, kisha ukuta ambapo picha ya mzee imetundikwa na rozari yake, na hapo ndipo ilipomfikia.

"Gakoro," akasema taratibu. Akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. "We mutoto. Donc heshima yako ndiyo iliunguza maua."

Alipomaliza kucheka alikuwa mtu wa kazi tena. Akamwambia kwamba yeye ndiye aliyeolewa na Gakoro, na kwa mdomo wake anamruhusu: aseme makoro, mzee hatakasirika. Mama Belyse alijaribu palepale. Alifungua mdomo, ulimi ukalala. Mukeshimana akasema bon, atafute jina lingine basi, lakini lisiwe la jikoni.

Wakafanya kazi pamoja. Petunia moja moja walizing'oa na kuzisafisha mizizi kwenye beseni la maji ya mvua, polepole, kama unavyomsafisha mtoto nyuma ya masikio. Udongo uliochomwa na majivu haukutupwa. Ulienda kwenye tuta la kabichi nyuma ya choo, na kabichi hazina makuu, zilinenepa baadaye mpaka kila mtu akashangaa. Mama Belyse akachekecha udongo mpya, akatia samadi, akatia dreshi, akatia kokoto nyeusi kwa mkono wake mwenyewe. Safari hii akakaza ngumi kwa kila beseni, na kila beseni akamnyooshea mama mkwe anuse. Mukeshimana alinusa kwa makini kuliko anavyonusa nyama ya sokoni.

Miche iliporudi kwenye vyungu, Mama Belyse akaanza kuchuma vichipukizi vya maua. Vyote. Alikuwa katikati ya mstari Niyigena alipoingia getini. Alikuwa ametoka kuongea na wale wapambaji wa plastiki, ambao walikuwa wamempigia simu tena. Walitaka jibu siku hiyohiyo, la sivyo wangempa mtu mwingine ile siku yake. Akasimama. Akaangalia majani ya manjano, kisha rundo la vichipukizi kwenye kitenge.

"Mama Belyse, uliniambia yatakuwa yamefungua. Mbona unayachuma kabla hayajafungua?"

"Nayachuma ju yafungue."

"Hicho ni Kiswahili cha wapi?"

"Ya Gisenyi."

Niyigena hakucheka. Alisema wakwe wanakuja na mabasi, kwamba mashangazi wa Musanze wana macho, kwamba hawezi kumwoza mtoto wake katikati ya vijiti vya manjano. Aliyasema yote kwa upole, na upole huo ulikuwa mzito kuliko kelele.

Mama Belyse hakuficha. Alimwambia kwamba majivu ya jikoni yaliingia kwenye udongo, na kwamba walikosea kuchanganya. Kutoka ndani, Mukeshimana akaitikia bila kuulizwa: "Si sisi tulikosea. Ni mi." Mama Belyse akaendelea kana kwamba hakusikia. Mmea uliochomwa mizizi, alisema, ni kama mama mgonjwa anayenyonyesha. Ukimwacha abebe kila kitu, utapoteza yeye na mtoto. Ondoa maua ya leo, nguvu yote ishuke kwenye mizizi, majani yapate rangi, halafu maua yatakuja kwa wingi, na yatakuja kwa wakati. Ameshafanya hivyo kabla, kwenye mmea uliougua zaidi ya huu.

Halafu akachota udongo mpya, akauweka kwenye kiganja cha Niyigena, akamfunga vidole juu yake. "Kaza. Sasa fungua."

Donge lilisimama. Niyigena akaligusa kwa kidole, likavunjika. Akainua kiganja puani, na hapo akakaa muda kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Kisha akapangusa mkono kwenye kitenge chake, akatoa simu, akawaambia watu wa plastiki wasije.

Siku zilizofuata Mama Belyse alilala vizuri, na hilo watu hawakuliamini. Alikuwa anamwagia maji ya mvua asubuhi, anageuza vyungu vipate jua pande zote, anaondoka. Mukeshimana ndiye aliyekuwa anatoka kila saa kuvikagua, anarudi anasema hakuna kitu, anatoka tena. Majani ya juu yakaanza kupata rangi. Asubuhi moja mama mkwe alirudi bila kusema hakuna kitu. Alikaa kwenye kigoda chake akanywa chai yote, na Mama Belyse akajua vichipukizi vimetokea.

Siku ya gusaba njia ya Niyigena ilikuwa zambarau na nyeupe kutoka geti mpaka kwenye hema. Vyungu vichache vilikuwa bado vimenuna. Hivyo Mama Belyse alivificha nyuma ya vingine, kama unavyompanga mtoto mwenye mafua nyuma kwenye picha. Wasemaji wa pande mbili walipokezana maneno, wenyeji wakijifanya hawana binti wala hawajasikia habari ya binti, na msemaji wa wageni akajibu kwamba basi wamekuja kuomba maua tu, maana nyumba inayolisha udongo hivi haiwezi kukosa aliyelishwa vizuri ndani. Watu wakapiga makofi. Niyigena, kwenye kiti chake, alimtafuta Mama Belyse kwa macho mpaka akampata, akainamisha kichwa mara moja.

Baada ya binti kutolewa na soda kuzunguka, shangazi wa bwana harusi, mama mnene mwenye mkufu, akainama kwenye petunia, akatia kidole kwenye udongo na kuuliza kwa sauti ni nani ameuchanganya na ameweka nini humo. Vichwa vikageuka. Mama Belyse alikuwa amesimama, Belyse mgongoni anavuta sikio lake. Akataja migrevilea, samadi, dreshi, mayai. Akafika kwenye zile kokoto nyeusi.

"Na mawe ya baba mukwe wangu," akasema.

Shangazi akakunja uso. Mukeshimana akarekebisha mshanana wake begani, akasogea mbele kidogo ili asikike vizuri.

"Na huyo baba," akasema, "alikuwa anaitwa Gakoro."

Musanze nako kumejaa mawe hayo, na huko pia yanaitwa makoro. Shangazi akaangalia kokoto nyeusi kwenye ncha ya kidole chake, akamwangalia yule mama kijana aliyekuwa ameangalia chini, na akaelewa kabla ya wote. Hakucheka. Alishika mkono wa Mama Belyse kwa mikono yake yote miwili, yenye udongo vilevile, akamwambia ampe chungu kimoja cha kupeleka nyumbani.

Mpaka leo, wanaomletea magunia wakifika getini wanauliza kama anataka mawe ya baba. Na akichanganya mtu mwingine, Mukeshimana hukaa kwenye kigoda karibu na beseni, ananusa kila konzi, na mbabula yake ameihamishia upande wa pili wa nyumba.