Debe Lilipomfuata Mtoto

Nilianza kufundisha chekechea pale Makanyagio nikiwa na miaka ishirini na mmoja, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Cheti cha ualimu sikuwa nacho. Nilikuwa na semina ya wiki mbili niliyohudhuria Sumbawanga, na sauti niliyoizoesha kwenye kwaya. Darasa letu lilikuwa ghala la zamani la tumbaku. Tulilipaka chokaa, tukatandika mikeka, lakini mvua ikinyesha kuta zilitoa tena ile harufu, na watoto wakaanza kupiga chafya mmoja baada ya mwingine.

Watoto walikuwa arobaini na kitu. Wengine walikuwa wa wenye maduka, Kiswahili wamekikuta nyumbani. Wengine walikuwa Wasukuma ambao wazazi wao walihamia na ng'ombe juzijuzi tu, na wengine waliongea Kikonongo au Kifipa. Asubuhi ya kwanza nilisema, "Kaeni chini," nusu yao wakabaki wamesimama wakinitazama mdomo. Mlangoni palikuwa na debe tupu la mafuta ya kula. Nililigeuza, nikalipiga kwa kiganja. Wote wakageuka. Debe walilielewa.

Basi nikafundishia debe. Nikilipiga polepole walitembea kwa uzito kama tembo. Nikiharakisha walikimbia kama vifaranga walioona mwewe. Nikiligusa kwa ncha za vidole walinyata. Tulitia kokoto kwenye makopo ya maziwa, tukatunga vizibo vya soda kwenye waya, kila mtoto akapata cha kutikisa. Sauti ikipanda walinyoosha mikono juu, ikishuka walichuchumaa. Baada ya mwezi mmoja, mtoto asiyejua kuomba maji kwa Kiswahili aliweza kunirudishia mapigo manne bila kukosea, na nyuma ya mapigo maneno nayo yakaanza kuja.

Mwalimu mkuu, mama mmoja wa makamo aliyependa darasa lenye utulivu, alikuwa akichungulia na kutikisa kichwa. "Unawachezesha vizuri," aliniambia. "Sijui kama unawafundisha." Sikumjali sana. Nilijiona nimeweza kazi.

Mchezo walioupenda kuliko yote tuliuita Debe Limelala. Nilipiga, wakazunguka chumba wakicheza. Nikinyamaza ghafla, kila mtu agande. Atakayetikisika anatoka, anakwenda kukaa kwenye mkeka wa pembeni. Anayebaki mwisho tunampigia makofi.

Kulikuwa na mtoto mmoja wa kike, wa miaka mitano hivi, aliyelelewa na bibi yake. Mguu wake wa kushoto ulipooza alipokuwa mchanga, ukabaki mwembamba kama fimbo. Alitembea kwa kushika paja kwa mkono na kulisukuma nyuma ili goti lisikunjike. Ukimwambia mtoto wa namna hiyo agande ghafla, hawezi. Lazima ayumbe kwanza. Kila siku alikuwa wa kwanza kutoka. Baada ya wiki chache hakusubiri hata nimwambie. Nikinyamazisha debe mara ya kwanza tu, yeye alikuwa ameshaanza kwenda kwenye mkeka. Hakulia wala kununa. Nilimsifu mbele ya wenzake kwamba ni mtoto mtulivu, anayejua sheria.

Bibi yake aliuza karanga sokoni. Jumamosi moja nilisimama kwenye meza yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo."

Alinipimia karanga zangu, akazifunga kwenye gazeti, kisha akazishikilia badala ya kunipa.

"Nimemuuliza huyu mjukuu wangu, nyie huko shuleni mnafanya kazi gani? Akaniambia, wenzangu kazi yao kucheza. Mimi kazi yangu kukaa."

Aliyasema taratibu, kama mtu anayenipa habari ambayo huenda sijaisikia. Hakukuwa na hasira usoni mwake. Nilichukua karanga nikaondoka, na sikumbuki kama nilimuaga.

Njiani nilihesabu miezi. Ilikuwa mitatu. Kwa miezi mitatu nilikuwa nimemwonyesha mtoto, kwa debe langu mwenyewe, kwamba mwili wake ni kosa, na alipokubali nikampongeza.

Jumatatu niliwahi nikamkuta yule binti njiani, anakuja peke yake. Nilitembea nyuma yake bila kumsemesha, nikasikiliza. Mguu mzima ulikanyaga kwa kishindo: pu. Mkono ukapiga paja: ta. Mguu mbovu ukaburuzika kwenye vumbi: shaa. Pu-ta-shaa, pu-ta-shaa. Ulikuwa mwendo wa mapigo matatu, uliokaa sawa kabisa, haukupotea hata mara moja. Na mimi siku zote nilikuwa nampigia mwendo wa mapigo mawili, wa askari.

Nilipofika darasani pupa ikanishika. Nilimwita mbele, nikaanza kupiga debe kwa mwendo wake, nikasema, "Haya, tembea, leo debe linakufuata wewe." Macho ya watoto wote yakamgeukia. Akasimama, akautazama mguu wake, akaanza kulia kilio kisicho na sauti, machozi tu. Nilimbeba nikamrudisha kwenye mkeka. Siku ile nilifundisha herufi mpaka saa ya uji.

Kesho yake nilibadili. Niliwaambia watoto kwamba debe limechoka kuongoza, sasa linataka kufuata. Kila mmoja atavuka chumba kwa mwendo wake, na mimi nitamtafuta. Walivuka mmoja mmoja. Mtoto wa Kisukuma alitembea kwa hatua ndefu, mikono nyuma, kama baba yake nyuma ya ng'ombe, na debe likaenda polepole. Mmoja mnene alirukaruka. Wawili walivuka wameshikana mikono wakabishana katikati, na debe likabishana nao. Darasa lilicheka mpaka mwalimu mkuu akaja mlangoni. Ilipofika zamu yake yule binti alitikisa kichwa. Nikasema, "Sawa, mama," nikamwita anayefuata. Siku iliyofuata tena akakataa. Siku ya tatu alinyanyuka kabla sijamwita.

Alivuka polepole, macho kwenye ukuta wa mbele. Pu-ta-shaa. Nilipiga kishindo kwa kiganja, paja kwa vidole, na kuburuza kwa kucha kwenye bati. Katikati ya chumba alisikia. Nilijua amesikia kwa sababu alisimama, na debe likasimama. Akapiga hatua moja, nalo likapiga. Akanigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu aje nikaona meno yake yote.

"Na mimi!" akasema yule wa Kisukuma, akajiunga nyuma yake. Mara darasa zima. Lakini hawakuweza. Walizoea mapigo mawili, walijikwaa, wakagongana, wengine wakaanguka.

"Siyo hivyo," alisema binti, na sauti ilikuwa ya mwalimu kabisa. "Mkono kwanza. Ukianza kuvuta, unaanguka. Nitazameni."

Tuliurudia mwendo ule karibu wiki nzima. Ijumaa ya wiki iliyofuata, mawingu yalikuwa mazito, na bibi akaamua kumfuata mjukuu mapema kabla ya mvua. Sikumwona akifika. Nilichosikia ni kikapu kikidondoka mlangoni. Nikageuka. Bibi alikuwa amesimama, ametazama watoto arobaini wameshika mapaja, wanachechemea kuzunguka chumba wakicheka, na mjukuu wake yuko mbele yao.

"Nyie walimu," alisema, "ndiyo mnawafundisha hivi? Kumcheka mwenzao?"

Debe likanyamaza. Watoto wakaganda. Mwalimu mkuu alitoka chumbani kwake. Nilifungua mdomo nieleze habari ya mapigo mawili na matatu, nikaona jinsi itakavyosikika kwa mtu aliyeona alichokiona, nikaufunga.

Binti hakuganda. Alimfuata bibi yake pale mlangoni, akamshika kanga.

"Bibi, hawacheki. Hawajui. Mimi ndiye ninawafundisha." Kisha akanigeukia mimi: "Mwalimu, piga."

Nilimtazama bibi. Nikapiga, na watoto wakaendelea, safari hii bila kucheka, wakijitahidi. Bibi alijishusha taratibu akakaa kizingitini, miguu ameinyoosha nje, na mvua ikaanza kumdondokea miguuni asijisogeze. Walipomaliza mzunguko wa tatu, mkono wake ulikuwa unapiga paja lake mwenyewe, nadhani bila yeye kujua.

Mvua ilituzuia hadi alasiri. Tulimenya karanga pamoja, naye ndipo akanieleza. Mama wa mtoto alikuwa ameolewa kwingine. Kila alipokuja kumsalimia hakuweza kukaa zaidi ya siku moja. "Anasema akimwona anavyotembea moyo unamuuma," bibi alisema. "Mimi nimezoea. Lakini sikuwahi kufikiri kuna mtu atataka kutembea kama yeye."

Jumatatu mwalimu mkuu aliniletea debe la pili, kubwa zaidi, la mafuta ya taa, ameliosha kwa sabuni likabaki linanuka hivyo hivyo. Mchezo wa kutoa watoto nje tuliuacha. Debe likilala, kila mtu alilala chini kwa namna yake, na likiamka wote waliamka.

Binti alipofikia umri wa kuanza shule, bibi aliniomba nifuatane nao kwenda kumwandikisha darasa la kwanza. Ilikuwa siku ya jua kali, na shule ilikuwa mbali. Kulikuwa na foleni ya watoto wakipimwa umri kwa kupitisha mkono juu ya kichwa na kugusa sikio la upande wa pili. Yeye aligusa bila shida. Mwalimu aliyekuwa anaandika aliutazama mguu kwanza, halafu kalamu yake, halafu mimi.

"Huyu ataweza kufika kila siku kweli?"

Nilikuwa navuta pumzi ili nijibu. Binti akawahi.

"Leo nimefika," alisema.

Mwalimu alimtazama usoni sasa, kisha akamuuliza jina la baba yake, jina lake, na kijiji alichozaliwa, akayaandika yote.