Makopo ya Mama Ukutani

Kila asubuhi, kabla sijanawa uso, nilitoka nje kwenda kuangalia ukuta. Kama makopo yalikuwapo, basi na mama alikuwapo, na mimi niliweza kwenda shule. Nilikuwa darasa la nne. Wenzangu waliamka wakiwaza fimbo ya mwalimu wa hesabu, mimi niliamka nikiwaza makopo.

Mambo yalianza tulipohamishwa. Kwetu kulikuwa ndani huko, mwendo wa asubuhi nzima kutoka Ihanja kwa njia ya ng'ombe, nyumba moja hapa na nyingine kule, kila mtu na zizi lake na shamba lililonona kwa samadi ya tangu enzi za mababu. Operesheni ya vijiji ilipofika tukaambiwa watu wote watakaa pamoja kando ya barabara, karibu na shule, zahanati na bomba la maji. Shule ilikuwapo kweli. Zahanati ilikuja baadaye. Bomba nimekuja kuliona nikiwa nimeshaolewa.

Mama hakupiga kelele. Lori lilipokuja alipakia mitungi, jiwe la kusagia na kuku waliofungwa miguu, akapanda juu ya magunia na kukaa akiangalia tulikotoka. Baba alimwambia, "Tumeambiwa tuhame, sasa tufanyeje?"

"Umeambiwa wewe," mama akajibu. "Mimi nimebebwa."

Baba akacheka kidogo, akidhani ni utani. Hakuwa mtu wa kusikia jambo mara ya kwanza.

Kiwanja chetu kipya kilikuwa chembamba, nacho kilipimwa kwa kamba ili nyumba zote zikae kwenye mstari. Mbele kulikuwa na barabara, nyuma choo, na ubavuni jirani mwenye mbuzi wasio na adabu hata kidogo. Baba alijenga kwa matofali mabichi, si kwa miti na udongo kama tembe letu la zamani, kwa sababu bwana mmoja wa wilayani alisema matofali ndiyo maendeleo. Majirani wakaanza kupanda. Huyu mipapai, yule mchicha, na karibu wote wakapanda minyaa kuzunguka viwanja, maana kwetu ukishapanda minyaa umeshasema pale ni pako. Baba naye akaleta vipando vya minyaa, akavilaza mlangoni. Mama alivipita kila siku akienda kisimani, mpaka vikakauka, na mwishowe akaviwashia moto akapikia ugali.

"Nikipanda hapa nimekubali," aliniambia siku moja tukitwanga. "Na mimi sijakubali."

Hata hivyo mboga tulihitaji. Ulikuwa mwaka wa njaa, tukiletewa unga wa njano na mafuta ya kupikia katika makopo ya bati ya pembe nne, yote ya kipimo kimoja. Mafuta yakiisha, watu waliyatumia makopo hayo kuchotea maji au kuwekea chumvi. Mama akaanza kuyaomba nyumba kwa nyumba. Aliyatoboa vitako kwa msumari, akayatia masikio ya waya, akayajaza udongo na samadi, kisha akapigilia vigingi kwenye ukuta wa nyuma ya nyumba na kuyatundika mstari kwa mstari. Juu aliweka mchicha na mnavu, katikati vitunguu na nyanya ndogo, chini mgagani. Alimwagilia makopo ya juu tu, kwa maji yaliyooshewa vyombo. Yaliyovuja yalidondokea makopo ya katikati, na ya katikati yakanywesha ya chini. Mbuzi wa jirani walikuja wakasimama wakirefusha shingo, wakaondoka na njaa yao, na mama akawacheka mpaka akashika kiuno. Mwaka ule sikumsikia akicheka kwa jambo jingine.

Nilimuuliza kwa nini asipande chini tu, akazungushia miiba.

"Mboga za ardhini hazihamishiki," akasema. "Haya makopo, siku nikiondoka nayatungua, nayapanga kwenye tenga, nakwenda zangu."

"Unakwenda na nani?"

"Na mwenye miguu."

"Na baba?"

"Baba yako ana mkutano."

Hapo hakusema uongo. Baba alikuwa amechaguliwa balozi wa nyumba kumi, na tangu siku hiyo Kinyaturu, lugha yetu, kilimpotea mdomoni. Alisema Kiswahili hata na sisi, tena Kiswahili cha mkutanoni. Akikosa chumvi kwenye mboga alisema suala la chumvi liangaliwe upya. Mama alimjibu kwa Kinyaturu, kwa maneno machache, na mara nyingi hakumjibu kabisa.

Mimi sina subira, sijawahi kuwa nayo, na kipindi kile nusura kinitoe akili. Nilitaka mama abaki. Kwa upande wangu kijiji kile hakikuwa na ubaya. Nilikuwa na shule karibu na rafiki wa kucheka naye njiani, na tembe letu la zamani nilikuwa nimeanza kulisahau. Lakini mama mmoja wa mstari wetu alikuwa amerudi kwao kimyakimya, na watoto wake nilikuwa nikiwaona wakikoroga ugali wenyewe, mabuja matupu, baba yao akiwa amekaa kwenye kigoda akiwatazama. Sikutaka kuwa wao. Kwa hiyo nililinda makopo. Nikiwa darasani nilisikia lori linapita barabarani nikachungulia dirishani, nikidhani mama ameomba lifti. Nikirudi nyumbani nilizunguka kwanza nyuma ya nyumba kabla ya kusema shikamoo kwa mtu yeyote, na nilikemewa kwa hilo mara nyingi. Mara nyingine nilifika nikakuta kopo moja halipo kwenye kigingi. Nilikimbia ndani roho mkononi, nikamkuta mama amelishika magotini anachagua wadudu kwenye majani.

"Una nini wewe? Umeona nyoka?"

"Hapana, mama."

"Basi hema polepole, utamwamsha mdogo wako."

Wakati tukiwa katika hali hiyo ndipo alipokuja bwana shamba. Alikuwa kijana wa chuo, amevaa kaptula iliyopigwa pasi, anapita na baiskeli kukagua shamba la kijiji. Akauona ukuta wetu kwa mbali. Akashuka, akaegemeza baiskeli kwenye choo, akaanza kugusa kopo moja baada ya jingine huku akitikisa kichwa.

"Shikamoo mama. Hiki ni kilimo cha kisasa kabisa! Nani amekufundisha?"

"Marahaba. Mbuzi," mama akasema.

Yule kijana akadhani hakusikia vizuri, lakini hakurudia swali. Kwenye mkutano wa kijiji alisimama akasema kwamba katika nyumba ya balozi kuna mama aliyeonyesha njia, na kwamba kila nyumba itundike makopo ukutani kabla wageni wa wilaya hawajafika. Baba alirudi nyumbani ametanuka kifua. Hazikupita siku nyingi, mstari mzima wa barabara ukawa na makopo, hata kwa watu waliokuwa na bustani nzuri tu ardhini. Wengine walitundika matupu, yenye magugu yaliyochomekwa asubuhi hiyohiyo.

Wageni walikuja, wakasimama nyuma ya nyumba yetu na viatu vyao, mmoja wao akaweka mkono begani kwa mama. "Mama huyu," akawatangazia watu, "ameupokea uhamisho huu kwa mikono miwili." Watu wakapiga makofi. Baba akapiga kuliko wote. Mimi nilikuwa namwangalia mama. Mikono yake yote miwili ilikuwa imefungwa kifuani.

Wageni walipoondoka hakungoja hata vumbi la gari litulie. Akaanza kutungua. Alitungua makopo yote ya chini, akayapanga chini kwa hasira, udongo ukimwagika. Mimi nikakaa kwenye kizingiti cha mlango, nikakizuia kwa magoti asiingie kuchukua tenga, kama kwamba mtu mzima angeshindwa kuniruka.

Baba akatokea. "Mama watoto, mbona unaharibu maonyesho?"

Mama akasimama na kopo la vitunguu mkononi. Alimtazama baba, akatazama vitunguu. Havikuwa vimekomaa. Akasonya, akarudisha kopo kwenye kigingi, kisha akarudisha na mengine. Nilivishukuru vitunguu vile na wakati huohuo vikanitia hofu mpya, maana sasa nilijua mama anangoja vikomae.

Havikukomaa kabla ya mvua. Mvua za mwaka ule zilianza kwa fujo, na hapo ndipo tulipogundua kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekiwaza, si bwana shamba, si baba, si mama mwenyewe. Kiangazi chote maji ya makopo yalikuwa yakichuruzika kwenye matofali mabichi. Ukuta ulionekana mzima kwa nje tu, ndani ulikuwa umelainika. Mchana mmoja, nikiwa nimetoka shule, mama na mimi tukiwa jikoni kwenye kibanda cha uani, tukasikia mlio mzito wa kitu kinachojilaza. Tulipotoka, ukuta wa nyuma ulikuwa chini na kitanda cha baba kilikuwa kinanyeshewa. Hakuna aliyeumia. Mtoto alikuwa mgongoni kwa mama, na baba alikuwa mkutanoni.

Habari zilienda mbio. Kabla ya jioni makopo ya mstari mzima yalikuwa yameshushwa, bila mkutano na bila kupiga kura.

Mama aliyafukua ya kwake kwenye tope, moja moja. Aliyasuuza, akayanyoosha yaliyobonyea kwa kuyagonga na jiwe, akamwaga udongo uliokuwa umebaki. Kisha akaleta lile tenga kubwa, akaanza kuyapanga humo, moja kando ya jingine, akayafunika kwa kaniki na kufunga fundo. Alifanya yote bila hasira, na hilo ndilo lililonitisha. Hasira ya mama niliizoea.

"Mvua ikikatika naondoka," akasema, si kwangu wala kwa mtu mwingine. Akakaa juu ya jiwe la kusagia, tenga miguuni.

Asubuhi mvua ilikuwa imekatika. Nilitegemea kuamka na kukuta jiwe tupu, lakini mama alikuwa palepale, ameshamfunga mtoto mgongoni, anamalizia kusuka kata ya kubebea tenga. Baba alikuwa amevua shati la mikutano. Alikuwa ameleta nguzo na fito, amechimba udongo, na akaniambia niingie nikanyage. Nikaingia nikakanyaga kwa nguvu zangu zote, tope likinifika magotini, nikijiambia kwamba nikikanyaga vizuri ukuta utasimama upesi na mama hatapata pa kutokea. Alikuja mjumbe wa kijiji kumwita baba.

"Balozi, unangojewa."

"Waambie nina ukuta," baba akasema bila kugeuka.

Nguzo hakuziweka kwenye ukuta. Alizichimbia hatua moja mbele ya pale ukuta ulipokuwa, akalaza fito juu yake kama ngazi, akawa anachonga makato kwenye kila ufito kwa panga. Nilielewa kabla ya mama kuelewa, au labda mama alielewa mapema akanyamaza. Kilikuwa kiunzi cha makopo, kikisimama chenyewe, mbali na ukuta, maji yadondoke ardhini. Baba akafika kwenye tenga, akafungua fundo, akatoa kopo moja apate kupimia upana wa makato.

"Rudisha," mama akasema.

Baba akalirudisha. Akasimama mbele yake, mikono imejaa tope, hajui aiweke wapi.

"Mama watoto, kuhusu suala la makazi..." akaanza, halafu akakwama. Alipofungua kinywa tena alisema Kinyaturu, taratibu, kama mtu anayetembea kwenye nyumba yenye giza. "Utakaa?"

Mama akainua uso. "Unaniuliza?"

"Nakuuliza."

"Tangu siku ya lori," mama akasema, "hakuna aliyeniuliza. Si wa wilayani. Si yule kijana wa baiskeli. Si wewe." Machozi yakamtoka, akayaacha yatoke. Sikuwahi kumwona mama akilia mbele ya baba, na baba, naona, hakuwahi pia. "Niulize tena."

"Utakaa na sisi hapa?"

Mimi nilikuwa nimesimama kwenye tope, mguu mmoja juu, nikitamani kumjibia mama. Alikaa kimya mpaka tope likaanza kukauka kwenye mikono ya baba na kupasuka nyufa. Baba hakusogea wala hakumharakisha. Kisha mama akainama, akaingiza mkono kwenye tenga, akatoa kopo, akampa.

"Pima," akasema.