Chupa Ambayo Shangazi Hakuachiwa

Mume wangu alikuwa bwana afya miaka thelathini na moja, na pua yake ilinitesa miaka yote hiyo. Siku ya harusi yetu alifunua masufuria kwanza, shela yangu baadaye! Sheria za kazi alizijua kama jina lake: maziwa ya kupima hugawanywa katika chupa tatu mbele ya mwenye duka. Moja maabara, moja ofisini, na ya tatu hupigwa lakiri na kuachiwa mwenye mali, ili akionewa akapime upya.

Wenye maduka wote aliwaachia, isipokuwa shangazi yake, mwenye duka la maziwa, aliyemlea tangu anatambaa na kumsomesha kwa maziwa hayohayo.

"Shangazi, chupa zimeniishia," alimwambia siku alipokwenda kupima maziwa yake. "Imebaki hii ndogo tu."

"Chukua, baba. Mimi na wewe ni wa kuwekeana ushahidi?"

Ilikuwa na vumbi. Akaisuuza bombani, akaikung'uta, akajaza.

Majibu yakaja: maziwa yana maji. Duka likafungwa. Mume wangu aliniambia mimi peke yangu kwamba chupa ile haikukauka. Nikamwambia anyamaze, watoto wanasoma, kazi ikienda tutakula nini? Ndiyo, mimi. Kikulacho ki nguoni mwako, na wa shangazi tulikuwa wawili.

Shangazi hakulalamika. Majirani walipomsema mume wangu, aliwakata kauli: "Mwanangu hapimi uso wa mtu." Ila alitafuta maji yaliingilia wapi, mpaka akamshuku wifi yake aliyekuwa akimwoshea madebe. Walikuwa chanda na pete. Wakaacha hata kusalimiana.

Mwaka jana, mume wangu alipostaafu, tulikwenda kwa shangazi. Mume wangu alipiga magoti akaeleza yote: chupa, bomba, woga wetu. Nami nikakiri la kwangu. Nilijionea aibu.

Shangazi alimshika kichwa. "Unanionea huruma kwa kuwa nimezeeka. Wewe hujawahi kukosea kazini."

"Nakuapia, shangazi. Nilikosea mimi."

"Nyamaza!" Aliondoa mkono kichwani mwake. "Wifi yangu alilala kitandani miezi mitatu, akatuma watu waniite. Sikwenda. Nimemzika bila kumsamehe. Sasa ukiniambia hakuwa na kosa, mwanangu, mimi niende wapi?"