Mnandi wa Nahodha Wangu

Mimi si mtu wa kushangazwa na kitu. Shule niliishia darasa la tano, nikaanza kwa kubeba ndoo za dagaa kichwani pale Mukendo, na leo nina mitumbwi minne ya injini na nyumba ya ghorofa Bweri. Wasomaji wangu mnajua huwa sifichi. Misiba nayo nimeizoea. Lakini Jumanne nilipopigiwa simu kwamba nahodha wangu wa zamani amefariki huko Nyamuswa, nilikaa chini pale pale mwaloni, mitumbwi inapopakulia, kwenye mchanga wenye magamba ya samaki.

Alikuwa mzee wa kanisa, lakini kwa habari ya mnandi humwambii kitu. Mnandi, yule ndege mweusi anayezamia samaki, akitua mbele ya mtumbwi mnapotaka kutoka, basi hamtoki. Humrushii jiwe, maana utaita upepo. Mnafunga kamba, mnarudi nyumbani. Jioni moja nikafika mwaloni, petroli imeshajazwa, wavuvi wangu wamekaa wanacheza drafti.

“Kulikoni?”

“Mnandi ametua, bosi,” nahodha akajibu.

“Mzee mzima, kanisani unashika kapu la sadaka, huku unaogopa ndege?”

“Kanisani hakunaga mnandi, bosi.”

Wenzake wakacheka, na mimi nikaona wananicheka mimi. Nikamwambia mbele yao wote, “Basi nenda kalime pamba. Kule hakuna ziwa wala mnandi.” Akavua koti la mvua nililompa, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya injini, akaondoka. Na kweli akaenda kulima pamba kwa shemeji zake, huko Nyamuswa. Miaka sita nimekuwa nikiisimulia habari ile kama kichekesho, hata humu safuni.

Juzi msibani akanifuata mmoja wa wale wavuvi.

“Bosi, siku ile hakukuwa na ndege.”

“Unasemaje?”

“Mimi nilikuwa na homa, natetemeka mpaka meno. Na wewe ulikuwa umesema anayeumwa asirudi tena kazini. Mke wangu alikuwa amejifungua wiki ile ile. Mzee akaniambia, nyamaza, leo mnandi ametua.”

“Na zile siku nyingine?”

“Mnandi wa kweli alikuwa anatua mara moja moja. Wengine walikuwaga ni sisi.”

Ndugu zangu, nilijisifu kwamba watu wangu wananiogopa, nikadhani ndiyo heshima. Kumbe mtu akiogopwa hivyo haambiwi ukweli, anaambiwa habari za ndege. Ukiwa na watu chini yako na kila siku wanakuletea visingizio, usiwapime wao kwanza. Jipime wewe.

Moyoni nilijua tangu siku ile kwamba nilimdhalilisha mzee wa watu. Nilikuwa nikipanga kwenda kumwomba radhi, halafu naahirisha, nikiona kwamba bosi kumpigia magoti kibarua wake ni gharama nisiyoweza kuilipa. Juzi niliona aibu hata kwenda na gari langu. Nauli ya basi mpaka Bunda elfu nne na mia tano, bodaboda mpaka kaburini kwake elfu tano. Jumla shilingi elfu tisa na mia tano.