Neno Moja Chini ya Chokaa

Wiki iliyopita mujukuu wangu, hapa Kasongo, aliita fundi wa rangi aandike maneno kwa ukuta ya saloni, pale tunapokea wageni. "Tate, angalia, ni modi mupya!" Nikacheka mpaka meno yangu mawili yenye yanabakia yakatingishika. Kisha nikakasirika. Modi mupya, eti mutindo ya leo! Rafiki, kaa kidogo nikuambie.

Kwetu, njia ya Kabambare, wakati ya Wabelgiji, kila bibi-harusi mwenye alisoma chuo aliandika kwa mukono yake mu chumba ya kulala: wino ya masizi, herufi za chuo ya Kurani. Hakuambia mutu ameandika nini. Mutoto wake wa kwanza, akimaliza chuo, ndiye atasoma kwa sauti, na kuku itachinjwa. Tate yangu, mama ya baba, kila kiangazi alikandika ukuta na udongo mupya, lakini maandiko aliyazunguka. Basi ukuta ikanenepa, maandiko yakabakia ndani kama dirisha ndogo. Harufu ya ule udongo mubichi, na mihogo inachemka pale inje, ingali mu pua yangu.

Maandiko ya mama yangu yalikuwa juu ya kitanda. Yeye alikufa siku nilizaliwa. Ule mustari ndiyo ilikuwa sura yake. Tate hakujua kusoma; wenye kujua, hata baba, desturi iliwakataza kusoma kabla ya mutoto, na wanaume wengine hawakuingiaka mule. Aliningoja mimi, mutoto mwanamuke mwenye kichwa nguvu kama kinu! Mwalimu alisema herufi zinaingia kwa sikio yangu hii, zinakunywa chai, zinatokea kwa ile.

"Umefika wapi, mukubwa wa wajinga?" tate aliniuliza kila jioni.

"Neno ya kwanza nimeshika. Imeandikwa: Mimi."

"Mimi nini?"

"Ngoja kwanza, tate!"

Alicheka, akatupia kuku yetu mahindi. "Wewe nenepa tu. Huyu iko anasoma pole pole."

Kisha akakuja muzungu wa usafi, na polisi, na ndoo za chokaa. Eti kuta zote nyeupe, ndani na inje, juu ya magonjwa. Akaingia na viatu mu chumba ile mwalimu mwenyewe hakuthubutu kukanyaga! Tate akasimama mbele ya kitanda, mikono wazi.

"Bwana, unipake hata mimi, lakini acha hapa!"

Muzungu akaangalia maandiko. "Uchafu," akasema. Polisi wakamuvuta tate. Burushi ikapita.

Nilikwangua mpaka kucha zikatoka damu. Masizi ikatoka pamoja na chokaa. Kuku haikuchinjwa, ilizeeka, ikakufa yenyewe, munene kama kapita, musimamizi wa mashamba ya pamba.

Nyumba ilianguka, tate alikufa, Wabelgiji walirudi kwao. Watu wananiambia, mama, sahau. Namna gani nitasahau kitu sikusoma?

Basi, siku ile ya saloni, nikamunyang'anya fundi burushi. Nikaandika kwa ukuta ya mujukuu, herufi zimepindana kama mitego ya panya: Mimi. Nikaacha nafasi kubwa.

"Tate, mbona haijaisha?"

"Uliza ule muzungu wa chokaa."